Usimwite Fundi Kabla ya Masika: Kuamua Mambo ya Nyumba na Uwanja Hapa Tanga

Miaka minane iliyopita, mwezi wa pili, nilitandika pevingi, yale matofali ya saruji ya kusakafia nje, uwanja mzima. Tulikuwa na miezi mitatu tu tangu tuhamie Sahare, vumbi la kaskazi limenichosha, kila jioni nafagia mchanga ule ule niliofagia asubuhi. Fundi akaja na futi yake, akapima, akapiga hesabu, na baada ya wiki mbili uwanja unang'aa kama sebule. Nikatoa viti nje, nikapiga picha, nikamtumia dada yangu.

Mwezi wa nne mvua kubwa ya kwanza ilishuka usiku. Asubuhi bibi wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni kwangu na ndoo mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Maji yako yamelala kwangu."

Hakuongeza neno. Nilipokwenda kuangalia, jiko lake la uani limejaa hadi kwenye mafiga na kuni zinaelea.

Pevingi zenyewe hazikuwa na kosa. Kosa ni kwamba nilikata shauri la masika nikiwa katikati ya kaskazi, wakati ardhi imekauka na kila kiwanja kinaonekana kizuri. Tangu hapo nimejenga banda, nimechimba shimo, nimepanda miti na kung'oa mingine, nimewasaidia ndugu wawili waliopata viwanja Pongwe na Mikanjuni, na utaratibu ninaoufuata ndio huu. Si wa injinia, ni wa mtu anayelala ndani ya nyumba yenyewe.

Hatua ya kwanza: pima kila jambo kwa uzito wa kulirudisha

Chukua daftari, andika kila unachotamani kufanya, hata yale ya aibu (mimi niliandika "bwawa la samaki"). Kisha ulizia kila moja: nikijuta, kulirudisha kutanigharimu nini?

Rangi ya ukuta ukiijutia ni ndoo nyingine ya rangi na Jumapili moja. Tuta la mchicha ni wiki tatu, nne, umeshavuna. Mpapai ni panga moja. Mambo haya yaamue hata leo usiku, usimwite mtu kikao.

Katikati kuna banda la kuku, bomba la maji, mndimu, kibaraza cha kukalia. Ukikosea utaumia mfukoni lakini utapona.

Halafu kuna yale mazito: shimo la choo, kisima, ukuta wa mpaka, msingi wa vyumba vya uani, pevingi za uwanja mzima, mwembe, mnazi. Na kukata mti mkubwa. Watu wengi hudhani kukata ni kwepesi kuliko kupanda, kwa sababu chenso inamaliza kazi kabla chai haijapoa. Lakini kivuli cha mwembe wa miaka thelathini hakinunuliwi soko la Mgandini. Ukihamia kwenye kiwanja chenye mti mzee, uandike katika kundi hili la mwisho, tena juu kabisa.

Sharti la kundi zito ni moja: usilianze mpaka uwe umekiona kiwanja katika majira yote. Masika ya Machi hadi Mei, kusi ya katikati ya mwaka, vuli ya kuanzia Oktoba, kaskazi ya Desemba hadi Machi. Yaani mwaka. Baba watoto aliposikia hivyo aliuliza, "Sasa mwaka mzima tunakaa na vumbi?" Ndiyo, tunakaa nalo. Mwaga changarawe njia ya kutokea getini hadi mlangoni, mwagia maji jioni, basi.

Bila shaka kama nyumba haina choo hutasubiri mwaka. Hapo kaa na wenyeji wa mtaa uwaulize maji hulala wapi. Wao wameshaziona masika ishirini, na kwa gharama ya kikombe cha kahawa watakuonyesha hadi mahali pale gari lilipokwama.

Hatua ya pili: tembea na mvua

Hii ndiyo hatua ambayo watu hawaifanyi, kwa kuwa mvua ikinyesha kila mtu anakimbilia ndani. Wewe vaa kandambili, chukua mwavuli na vijiti kumi, toka. Tazama vitu vitatu: maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na yanalala wapi. Kila sehemu chomeka kijiti. Mvua ikikatika, usiviondoe. Kesho yake saa kama ile ile rudi uone wapi bado pana dimbwi. Palipolala maji zaidi ya siku moja si pa shimo la choo, si pa mpapai wala si pa msingi. Panaweza kuwa pa magimbi, au pa kuacha nyasi zake zilivyo.

Kama mvua haipo, pima udongo kwa mkono. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini, upana wa ndoo. Jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza tena, na mara hii ya pili ndiyo uhesabu saa. Kwenye mchanga wa karibu na bahari maji yatatoweka mbele ya macho yako. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka mwezi wa pili hadi kidole kinaingia, asubuhi utayakuta yamekaa kama ulivyoyaacha. Udongo wa namna hii huvimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, na nyumba iliyo juu yake huvimba na kunywea nao. Ndizo zile nyufa za mshazari unazoziona kwenye pembe za madirisha. Ukiukuta, msingi wako usijengwe kwa mazoea. Tafuta mtu anayejua misingi, umlipe.

Tena pita nyuma ya nyumba ya jirani, kwa ruhusa yake. Maji hayajui bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja. Yanayokuingilia yanatoka kwa mtu, na yanayokutoka yanaenda kwa mtu. Mimi ningelijua hili mapema, bibi asingelikuja na ndoo.

Hatua ya tatu: jua na pepo mbili

Tanga tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Maana yake kwa mwenye nyumba ni hii: mwezi wa sita jua la mchana hupita upande wa kaskazini wa paa lako, na mwezi wa kumi na mbili hupita upande wa kusini. Kuta hizo mbili zinapokezana zamu. Ukuta wa mashariki unapata jua la asubuhi ambalo halina ubaya mkubwa. Wa magharibi hauna likizo. Kila siku ya mwaka, kuanzia saa nane mchana, unachapwa mpaka magharibi iingie, na tofali za saruji zinalishika lile joto na kulitema usiku ukiwa umelala. Kama kitanda chako kimeegemea ukuta huo, feni inakupulizia hewa ya tanuri.

Sasa pepo. Kusi inatoka kusini mashariki, na ndiyo inayotawala kuanzia mwezi wa nne hivi hadi wa kumi. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kiangazi kile cha Desemba hadi Machi. Ukizichora hizi mbili kwenye karatasi utaona kitu kizuri: zote zinaingia kwako kutoka upande wa mashariki. (Alfajiri kuna kipepo chepesi kinachotoka bara, lakini hakidumu, jua likishapanda kinakufa.)

Kwa hiyo swali la jua na swali la upepo yana jibu moja. Kila chenye moshi, harufu au joto kiweke magharibi: jiko la kuni, banda la kuku, choo cha nje, shimo la taka. Jiko la ndani, stoo na bafu zikikaa upande wa magharibi wa nyumba zinakuwa ngao, jua linachapa stoo badala ya kukuchapa wewe. Vyumba vya kulala na kibaraza cha jioni viweke mashariki, vile vinavyopumulia bahari. Kama nyumba umeinunua tayari na vyumba viko magharibi, huwezi kuizungusha, lakini unaweza kuegeza paa dogo la mita moja na nusu ukutani, au kupandisha mmea wa kutambaa kwenye waya ulioachana na ukuta shubiri moja, ili hewa ipite katikati.

Shida ni kwamba magharibi yako ni mashariki ya mtu. Moshi unaojiepusha nao unaingia dirishani kwa jirani. Hapa sina dawa zaidi ya adabu: banda lifagiliwe kila siku, maranda yabadilishwe, na plastiki zisichomwe kabisa.

Ukitaka kujifunza haya bila kitabu, nenda Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, utazame nyumba za Kiswahili zilizobaki. Korido inanyooka toka mlango wa mbele hadi uani, vyumba kulia na kushoto. Mlango wa mbele ukiwa wazi na wa uani ukiwa wazi, upepo unapita kama mtu mwenye haraka. Au nenda Bombo ukaangalie majengo yale ya Wajerumani yenye veranda pana. Kisha tazama nyumba tunazojenga sasa, madirisha ya alumini yanayofunguka nusu, paa lisilo na kisogo cha kuutia ukuta kivuli. Nasema haya nikijua yangu ni ya aina hiyo hiyo.

Hatua ya nne: hesabu maji ya paa kabla ya kununua tanki

Hesabu yake ni nyepesi mno kiasi kwamba nashangaa hatuifanyi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 25, ambayo kwetu masika si habari, inashusha lita 2,000 juu ya paa hilo. Toa kinachorukia pembeni na kinachomwagika, ukadirie unabaki na 1,600. Watu watano wakitumia lita 40 kila mmoja kwa siku, hizo ni siku nane bila kufungua bomba.

Kwa hiyo tanki la lita 2,000 linajazwa na mvua moja nzuri na kidogo. Jirani aliyenunua la 10,000 kwa paa dogo la bati kumi na mbili hakukosea kupenda maji, alikosea kutopiga hesabu.

Mambo machache ya kuangalia. Lita 2,000 zina uzito wa tani 2, kwa hiyo kinara cha tanki si mahali pa kubania saruji. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite robo saa kwanza, inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Weka bomba la kushushia maji linaloweza kugeuzwa kwa mkono. Na gata iwe na mteremko kidogo kuelekea bomba. Gata iliyolala sawasawa inabaki na maji, na mbu wa dengue anahitaji maji kidogo tu ya kutulia, wiki moja na siku kadhaa, amekuletea kizazi. Mdomo wa tanki ufungwe kwa wavu wa chandarua chakavu na mpira wa baiskeli. Mpira wa baiskeli kwa mtu wa Tanga haukosekani.

Hatua ya tano: mashimo na mipaka

Hapa sitakaa sana. Tafuta bikoni zako zote nne kabla ya kufikiria ukuta, na kama moja haionekani, usikisie kwa macho. Kibali cha ujenzi kiombwe Halmashauri ya Jiji kabla tofali hazijafika, si baada. Kisima na shimo la choo viachane angalau mita 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Ndiyo maana vijiti vya hatua ya pili vilikuwa na kazi. Pima pia shimo la jirani, kwa kuwa mita 30 hazikatwi na ukuta. Kwenye kiwanja kidogo mara nyingi utakuta huwezi kuwa na vyote viwili. Basi chagua choo, maji utayapata kwa bomba na kwa paa.

Shimo liwe mahali ambapo gari la kunyonya maji machafu litafikisha mpira wake. Mtu mmoja ninayemfahamu alijenga vyumba vitatu vya wapangaji juu ya njia hiyo, sasa mpira unapita sebuleni.

Hatua ya sita: miti

Mti ni mpangaji usiyeweza kumpa notisi. Kabla ya kuuchimbia shimo, simama mahali pale utazame juu: kuna waya? Tazama chini: kuna bomba, chemba (kishimo cha kukagulia bomba la maji machafu), msingi? Kisha jiulize utakuwa mkubwa kiasi gani, si leo unavyokuja kwenye mfuko mweusi.

Mwembe upe nafasi, mita 8 hadi 10 toka nyumbani. Nunua mche wa kubebesha, yaani kikonyo cha mti mzuri kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Unazaa miaka mitatu hadi mitano, na unajua ni dodo au bolibo uliyoitaka. Ukipanda kokwa utangoja sana, na tunda laweza kutofanana na mama yake. Unapopanda, mahali pa kubebeshea pabaki juu ya udongo. Ukipafukia, mche unaota mizizi yake mingine na faida yote inapotea. Chini ya hapo kukitokea machipukizi, yang'oe yangali madogo, hayo ni ya mti wa chini na hayana undugu na dodo. Kwa michungwa na mindimu ni vile vile, na kwa kuwa Muheza, kwenye machungwa, iko jirani tu, hakuna sababu ya kununua mche wa njiani usiojulikana ukoo.

Mnazi mrefu wa kienyeji unachukua miaka sita hadi minane kabla ya nazi ya kwanza, na baada ya hapo unaishi kuliko aliyeupanda. Nazi ikianguka haipigi hodi. Usiuweke juu ya bati, juu ya njia, wala juu ya mahali pa kuegesha bajaji. Na kama una mnazi mchanga, usiache magogo ya minazi yaliyooza wala lundo la samadi karibu yake. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, anatagia humo, kisha anapanda kutoboa kilele cha mnazi wako. Dalili yake huwezi kuikosea: makuti mapya yakifunguka yanakuwa yamekatwa kwa pembe, kama mtu amepitisha mkasi.

Mkungu una kivuli kizuri sana na ni mti wa baraza, lakini unapukutisha majani makubwa mekundu mara mbili kwa mwaka, na jani moja tu la mkungu linaziba mdomo wa gata. Uwe mbali na paa. Mwashoki unakwenda juu bila kutanuka, unafaa ukingoni mwa ukuta. Mnyaa watu wanaupenda kwa ua kwa sababu hauombi maji, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali. Kwenye nyumba yenye watoto siupandi.

Mpapai ndio mti wa mtu asiye na subira, na mahali pa kujifunzia bila kuumia. Panda mitatu katika shimo moja, kwenye tuta lililoinuka, maana maji yakituama siku mbili mizizi inaoza. Baada ya miezi mitano, sita, itatoa maua. Yakining'inia kwenye vikonyo virefu kama hereni, hilo dume. Yakikaa karibu na shina, moja moja na manene, huyo jike. Bakiza jike, ondoa wengine. Dume moja linatosha mtaa, na hakika kuna jirani ambaye hajajua kama analo.

Nyuma ya bafu weka migomba. Maji ya kuogea yakielekezwa kwenye shimo la futi mbili kila upande lililojazwa samadi iliyoiva na majani makavu, mgomba hautauliza mvua. Waachie mama, mtoto na mjukuu, wengine kata. Karibu na dirisha la chumbani mwasumini, karibu na mlango wa uani mrehani na mchaichai, ili mtu akitaka chai asitafute taa. Mlangilangi kama nafasi ipo. Ukichanua usiku, nyumba nzima inanukia harusi.

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa masika, mvua mbili tatu zikishashika. Samadi ya kuku ikae miezi kadhaa kwanza, mbichi inaunguza.

Na panda michache. Mkonge, uliokuja kuwa uhai wa mkoa huu, uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Hiyo 62 ilitosha. Mimi nilinunua michungwa ishirini kwa siku moja kwa sababu muuzaji alinipunguzia bei. Saba ilikauka kwa kukosa nafasi ya kuipanda, ikiwa bado kwenye mifuko.

Hatua ya saba: fundi na vifaa

Sasa mwite fundi. Umfikie ukiwa na mchoro wako wa daftari: vijiti vya maji, upande wa jua, bikoni, chemba. Fundi mzuri ataukosoa mchoro huo na kuuliza maswali. Yule anayesema "Usijali dada, hiyo kazi ndogo" kabla hajatembea kiwanja, mshukuru, mpe maji ya kunywa, aende.

Swali moja la kumuuliza ambalo limenisaidia kuliko yote: "Nikibadilisha mawazo mwakani, hiki kinafumuliwaje?" Jibu lake litakuonyesha kama anajenga au anamwaga zege tu.

Hapa pwani chumvi ndiyo adui. Mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege wala lipu. Chumvi yake inakula nondo kutoka ndani, na ukutani inatoa unga mweupe kisha rangi inabanduka kama ngozi ya mhogo. Bati ukiambiwa geji 28 na geji 30, jua kwamba namba ndogo ndiyo nene. Karibu na bahari kutu huanza upande unaopokea upepo, na huanzia kwenye misumari. Mbao ziwe zimetiwa dawa au ziwe za mti unaojitetea. Mtiki tunao, shamba la Longuza liko Muheza hapo, lakini ulizia risiti na uhalali wake. Mchwa hana msamaha na msonobari mkavu.

Tofali ukizinunua, kwaruza moja kwa msumari. Ikimwaga mchanga kama sukari, saruji waliipaka tu. Ukifyatua mwenyewe, zimwagiliwe siku 7 na ziwe kivulini. Zege linaendelea kukomaa hadi siku 28. Fundi anayetaka kupandisha kozi juu ya tofali za juzi ana haraka ya kulipwa, si ya kujenga.

Malipo kwa awamu, yameandikwa, mbele ya mtu wa tatu. Awamu ya mwisho itoke baada ya mvua kunyesha juu ya kazi yenyewe. Mafundi wengi hawalipendi sharti hili. Waliolikubali ndio ninaowaita tena.

Hatua ya nane: kuishi na ulichokwisha kuamua

Utakosea. Swali ni ukikosea unafanya nini, na watu wa pwani tuna kosa la kuficha kwa zulia.

Kwanza, lipe kosa majira yake. Kitu kinachokuudhi mwezi wa kwanza mara nyingine ni ugeni tu. Nilikichukia kibaraza cha jikoni kwa miezi miwili kwa sababu kiko mbali na sinki. Sasa ndiko tunakokuna nazi na ndiko habari zote za nyumba hii zinakopitia. Andika tarehe na kinachokuudhi. Ukikuta umeandika jambo lile lile katika masika na tena katika kaskazi, hilo ni kosa kweli.

Pili, punguza kabla ya kubomoa. Zile pevingi sikuzifumua zote. Nilinyanyua ukanda wa mita moja kando ya ukuta wa bibi, urefu wote wa kiwanja, nikachimba mtaro wa futi mbili, nikamwaga kokoto chini na udongo juu, nikapanda migomba na mchaichai. Nikanyanyua pia kipande cha mita tatu kwa tatu katikati na kukiacha udongo mtupu. Chumba cha watoto, kilichokuwa kinapata joto la pevingi dirishani, kikapoa. Pevingi zilizotoka zilimtosha bibi kuinua sakafu ya jiko lake shubiri moja. Alizipanga mjukuu wake, si fundi, na hazijacheza mpaka leo. Masika iliyofuata alinichungulia kwa juu ya ukuta: "Leo yamelala kwako." Yalikuwa yamelala kwenye migomba, yalipotakiwa.

Tatu, kubali kwamba kuna kosa utakaloishi nalo ukililipia kidogo kidogo. Langu ni mwarobaini. Niliupanda mwaka wa kwanza, mita mbili na nusu toka kwenye chemba, kwa sababu nilitaka kivuli upesi na mwarobaini hauna mchezo katika kukua. Sasa ni mti wa kweli. Magharibi ya nyumba yote inaishi chini yake, baba watoto amefunga bembea, na kila wiki mtu anapiga hodi kuomba majani ya dawa. Chini, mizizi imeshaijua njia ya chemba. Mwaka juzi choo kilirudisha maji siku ya wageni. Fundi bomba alitoa rundo la mizizi laini kama nywele za mtu, limekaa umbo lile lile la bomba, urefu wa mkono wangu.

Nimeuweka katika kundi zito, na bado sijaukata. Ninachofanya ni kuifungua chemba kila baada ya miezi mitatu, kukata nywele zinazochungulia kwa kisu cha nazi, na kuandika tarehe na unene wake. Mizizi ikifikia unene wa kidole, nitahamisha bomba upande wa pili wa bafu. Bei nimeshaulizia, ni chini ya nilivyodhani, na mti utabaki. Mara inayofuata ya kufungua ni mwisho wa mwezi wa tano, mvua zikipungua, na futi na kisu viko juu ya kabati la jikoni.